Tairi za Baridi

Kwa karibu miaka mitatu sebule yangu ilikuwa na tairi nne za gari, mbili kila upande wa kochi, zimefunikwa vitambaa nilivyofuma kwa mkono wangu. Wageni waliweka vikombe vya chai juu yake. Mchungaji alipokuja kutuombea, aliweka Biblia. Mimi ni mwalimu, napenda nyumba yenye adabu, na harufu ile ya mpira haikunitoka puani hata siku ya Krismasi. Lakini mume wangu Zébédée hakutaka zikae uani wezi wakaziona, na Zébédée akishaamua jambo, limeshapigwa muhuri. Ni karani wa ofisi ya kanisa letu la Methodisti hapa Kamina. Karani hapendi kitu kisichokuwa na maelekezo.

Tairi zilitoka kwa Amédée, mdogo wake anayeishi Ubelgiji. Amédée alikuja kwa matanga ya mama yao, akapanda Peugeot yetu, ile ndefu yenye nafasi kubwa nyuma, akaona tairi zake zilivyochoka, akaahidi. Akatueleza pia, maana watu wa Ulaya wanapenda kueleza. Alisema kule wana aina mbili za tairi. Kuna za majira yote, unazifunga na kuzisahau. Halafu kuna za baridi peke yake: mpira wake ni laini, meno yake ni marefu na yamekatwakatwa, kazi yake ni kushika theluji na matope. Atatuma hizi za pili, alisema, kwa sababu za kwanza tunazo. Zébédée alisikiliza akitikisa kichwa. Katika maneno yote yale alishika moja tu, nalo ni baridi.

Sasa muulize mtu yeyote wa Katanga baridi yetu ni lini. Ni Juni na Julai. Mvua imekwisha, asubuhi mdomo unatoa moshi, watoto wanaingia darasani wamejifunga vitenge vya mama zao. Na ni wakati wa vumbi. Barabara ni kavu na ngumu kama kikaango. Basi kila Juni mume wangu alitoa tairi za majira yote, akafunga zile za Amédée, akazizungusha juu ya ule ukavu mpaka Agosti. Mawingu ya kwanza yakitokea, anazitoa, anaziosha kwa sabuni, anazirudisha sebuleni, na kufunga zile za zamani, maana mvua nayo ni majira, na tairi hizo ni za majira yote.

Nilimwambia kwa upole, na upole uliponiishia nilimwambia hivyohivyo. Amédée alisema matope, nikamkumbusha. Yeye akanijibu kwamba Amédée alisema tairi za baridi, je, mvua ni baridi? Baada ya ibada wanaume walilijadili jambo hilo chini ya dirisha la kanisa, na nusu yao walikuwa upande wake. Kwa akili ya karani hakuwa na kosa. Mimi nina ugonjwa wangu pia: nikiliona jambo mapema, nataka dunia nzima ijue kwamba niliona. Nilisubiri siku yangu kwa hamu.

Kisha vita vikaja, vile vya mwaka wa tisini na nane. Mwanzoni tulivisikia redioni tu. Mvua za mwaka uliofuata zilipokuwa katikati, waasi walikuwa wanakaribia upande wa maziwa, na watu walikuwa wanapita mbele ya shule yangu kwa miguu, magodoro kichwani, mbuzi kwenye kamba. Ndege za Base, kambi ya ndege za kijeshi ya hapa kwetu, zilipita juu yetu mpaka watoto darasani wakaacha kuinua vichwa. Mimi niliendelea kuwafundisha kuzidisha na kugawanya, lakini roho yangu ilikuwa Kinkondja, upande huohuo wa maziwa.

Kule aliolewa Salomé, binti yetu wa pekee. Mume wake, Nday, ni mtoto wa Wakatoliki, wakulima, na yeye mwenyewe huchukua samaki wakavu ziwani na kuwauza kwa baiskeli. Ndoa ile sikuitaka. Nilitaka karani, nilitaka Mmethodisti, nilitaka mtu mwenye viatu, na nilisema hivyo waziwazi. Salomé akaolewa naye. Baada ya hapo sikuweza hata kugombana na kijana yule kama nilivyopenda, kwa sababu sisi Waluba tuna buko. Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hamgusi, hali mbele yake, hakai naye kiti kimoja. Akikutana naye njiani, anaingia majanini apite. Hiyo ndiyo heshima, na Nday aliishika kuliko kijana yeyote niliyewahi kumwona. Tangu ndoa yao nilikuwa namjua kwa mgongo wake, kofia yake na kikohozi chake. Uso wake sikuujua. Hata katika picha ya harusi alikuwa ameinama.

Asubuhi moja ya Februari nilisikia kikohozi hicho nyuma ya ukuta wa jiko. Alikuwa amekuja kwa baiskeli, matope mpaka kifuani, akasimama pale ambapo singemwona, akamweleza Zébédée. Mimi nilisikiliza kwa ndani, mwiko mkononi. Alisema bunduki zilianza kusikika Kinkondja, akamkalisha Salomé juu ya mto kwenye baiskeli, akamsukuma na mimba yake kubwa kumleta kwetu. Walipofika nusu ya njia, kijijini kwa Kalenga, kwa shangazi yake yeye Nday, uchungu ukamshika. Mkunga alimpapasa akakuta mtoto amelala upande, hawezi kutoka. Anahitaji daktari wa kupasua, na daktari huyo yuko Kamina.

Zébédée ni mtu wa kutembea polepole, lakini siku ile alikimbia. Alikuwa ameshafungua mlango wa gari nilipotoka nje na kusimama mbele yake. Niliangalia chini. Pale palikuwa na tairi za majira yote, zimechakaa mpaka zinang'aa, na mvua ilikuwa haijakatika siku kadhaa. Nikamwambia afunge zile za sebuleni.

Akanitazama kama nimerukwa na akili. Tairi zile hazikuwa na rimu zake. Kila moja ilitaka kubanduliwa ya zamani kwa vyuma, kubandikwa mpya, kisha kujazwa upepo kwa pampu ya mkono. Asubuhi yote ingeisha. Tena askari wa kizuizi cha barabarani wakiona tairi zenye meno, watazitaka.

“Papa Salomé,” nikasema, “na hizi tutalala mu matope. Mutoto wetu atakufa mu matope.”

“Na tukikawia hapa,” akasema, “atakufa anatungoya.”

Yote mawili yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililotutisha. Tulisimama pale, mke na mume wa miaka mingi, kila mmoja ameshika nusu ya ukweli, na binti yetu analia mahali ambapo hatumsikii. Zébédée akapaza sauti kumuuliza Nday barabara ikoje. Nyuma ya ukuta kijana akajibu kwamba mambo ya magari hayajui, ila baiskeli aliibeba begani mahali pawili. Zébédée akafunga mlango wa gari. Halafu akaingia ndani, akavuta vile vitambaa vyangu vikaanguka sakafuni, akatoka na tairi mbili. Mbili tu, za nyuma, alisema, maana gurudumu la nyuma ndilo linalosukuma gari.

Walifanya kazi wawili, yeye na Nday. Mimi niliingia ndani ili kijana aweze kuja karibu na gari. Nilikunja nguo za mtoto, nikazikunjua, nikazikunja tena. Sikuwa na raha yoyote ya kushinda. Nilimwomba Mungu, kama nimekosea, adhabu iwe juu yangu mimi, isimguse Salomé.

Tuliondoka jua limeshapanda. Mimi nilikaa mbele na mume wangu, na Nday alikaa nyuma kabisa, amenigeuzia mgongo, anaangalia barabara tunayoiacha. Kizuizini askari mmoja aliinama, akapitisha kiganja juu ya meno ya tairi, akatuuliza tunakwenda kutafuta nini upande ambao watu wote wanaukimbia. Zébédée akamwambia tunamfuata mtoto wetu, anazaa. Askari akainua kamba. Alionekana kuwa na mawazo yake mwenyewe.

Mbele kidogo matope yakaanza. Tulipita lori lililozama mpaka ekseli, abiria wake wamekaa kando wanakula muhogo. Tukapita lingine. Peugeot yetu iliyumba, ikanguruma, ikapita, na kila ilipopita mahali pabaya Zébédée alinitupia jicho. Siwezi kudanganya, moyoni nilijipongeza.

Kwa Kalenga tulimkuta Salomé amelala juu ya mkeka, midomo imekauka. Aliponiona alitabasamu, akaniambia nisimlaumu Nday kwa kumpandisha baiskeli, yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Katika hali ile bado alikuwa anamtetea. Tukamweka nyuma ya gari juu ya blanketi. Nikapanda nikakaa kando ya kichwa chake, na Nday akaenda mbele karibu na baba mkwe, kama inavyofaa. Mvua ikaanza tena kabla hatujafunga mlango.

Kuna bonde katika njia ile ambalo tulipolishuka tukienda sikulijali. Kulipanda ni kitu kingine. Udongo ni mweusi na unateleza, hakuna hata jiwe la kutia chini ya gurudumu. Gari likapanda mpaka katikati, likapunguza mwendo, likasimama. Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure yakirusha matope, na nikasikia tunarudi nyuma taratibu. Salomé akanishika kifundo cha mkono mpaka kikauma.

Zébédée akashuka. Nilimwona kupitia kioo cha nyuma, amechuchumaa kwenye mvua, ametia kidole katikati ya meno ya tairi kupima urefu wake. Kidole hakikuzama. Alipokuja dirishani kwangu, uso wake ulikuwa umenyauka.

“Ni Juni,” akasema, akijigusa kifua. “Mama Salomé, minyi njo nilikula haya meno. Juni mbili, juu ya vumbi.”

Neno nililolisubiri miaka miwili lilikuwa limefika mlangoni. Nilikuwa nimeshalipangia hata sauti nitakayolisema nayo. Nikamtazama mume wangu, mvua inamchuruzika puani, nikakuta silitaki tena. Nikamwambia tu, tafuta njia, papa, tafuta njia.

Alisema sehemu ya nyuma ya gari ni nyepesi. Meno yaliyobaki yangeweza kushika kama yangekandamizwa na uzito, uzito juu kabisa ya gurudumu. Akamwambia Nday aingie nyuma, akae pale nilipokuwa mimi. Nikasikia kijana anajibu kwa sauti ya chini:

“Papa, mama iko kule.”

Akasema atasukuma. Akakata matawi, akayatandika chini ya magurudumu, akaja nyuma ya gari. Kusukuma gari unaliegemea kwa mikono na kifua, uso ukielekea ndani. Ndani kupitia kioo nilikuwa nimekaa mimi. Basi akageuka, akaegemeza mgongo wake kwenye gari ili asinitazame, akasukuma kwa kurudi nyuma. Miguu yake haikuwa na pa kukanyaga. Zébédée akatia gari moto, magurudumu yakazunguka, Nday akaanguka. Akainuka, akageuka tena mgongo, akasukuma, akaanguka. Sijui ilikuwa mara ngapi. Niliuangalia mgongo ule ukipanda na kushuka nyuma ya kioo, na Salomé alikuwa ameacha kupiga kelele, jambo lililonitia hofu kuliko kelele zenyewe.

Ndipo nikafungua mlango wa nyuma. Sikuwahi kusema na kijana yule neno lolote moja kwa moja tangu awe mkwe wangu.

“Nday,” nikasema, “ingia. Ikala hapa, karibu na minyi.”

Hakusogea. Nikasema tena. Akaingia amefumba macho, matope mwili mzima, akajikunja pembeni. Lakini pembeni hapakuwa juu ya gurudumu, nikamvuta kwa shati. Hapakuwa na nafasi ya kutenganisha miili yetu. Tulikaa bega kwa bega, na Salomé tukampakata sote wawili, kichwa kwangu, miguu kwake. Zébédée akaondoa gari taratibu, gari likashuka kwa uzito wetu, tairi zikauma matawi, zikauma udongo, na tukaanza kupanda. Hatukuachana mpaka Kamina. Kizuizini yule askari alichungulia, akaona tulivyokaa, akainua kamba bila kuuliza.

Hospitalini walimpitisha Salomé moja kwa moja. Jua lilikuwa bado halijazama daktari alipotoka akiwa anajifuta mikono. Salomé ni mzima, alisema, atapona. Mtoto alikuwa wa kiume. Walimtoa akiwa ameshakufa, na si zamani.

Hayo maneno ya mwisho, si zamani, angeweza kutuepushia. Zébédée alikaa kwenye benchi, akaanza kusema habari za Juni, kwamba kama meno yale yangekuwa mazima tungeupanda mlima ule bila kusimama. Nikamwambia hapana, asubuhi ile yote iliyopotea ilikuwa yangu, mimi ndiye niliyesimama mbele ya gari. Alikataa. Nilikataa. Tangu tuoane tumebishana kila mmoja akitaka kuwa na haki. Siku ile tuligombania kosa. Mwishowe akaniwekea mkono mgongoni, nikalia mpaka kitambaa changu cha kichwa kikalowa.

Halafu nikamkumbuka Nday. Hakuna mtu aliyekuwa amekaa naye.

Nilimkuta nyuma ya jengo, mahali wanapofulia mashuka. Aliposikia hatua zangu alizijua, akageuka upesi akaelekea ukutani. Mgongo ule ule. Matope yalikuwa yamekauka juu yake na mabega yalikuwa yanaruka. Nikasimama mbali kidogo, kama desturi inavyotaka, nikasubiri. Yeye ndiye aliyeanza kusema, akiuambia ukuta.

“Mama, ni minyi. Papa aliniambia ingia, nikakatala. Nilikuwa na haya juu yako. Kama ningeingia ile mara ya kwanza, mutoto angefika.”

Mimi ndiye niliyemdharau kwa kukosa viatu. Pale mlimani, mke wake anakufa na mtoto wake anakufa, bado alikuwa ananiheshimu mimi. Aliibeba heshima yangu kwenye matope mpaka ikamwangusha, na sasa alikuwa anatafuta mwenye hatia, na anajishika yeye mwenyewe.

Mkwe akimgusa mama mkwe, wazee watakuambia faini ni mbuzi au ni kuku, na jambo linakwisha. Kwa hili la Nday hakuna mzee aliyewahi kuniambia kitu. Nikasogea. Alipokuwa amesimama, kati yake na ukuta palibaki nafasi ndogo sana. Nikajipenyeza humo, mimi mama mzima, mpaka nikawa mbele yake. Akafumba macho kwa nguvu.

“Nday, fungula macho.”

Akatikisa kichwa.

“Mutoto hakufa juu ya heshima yako. Heshima yako niliiona. Weye njo mutoto wangu, na mutoto anaangalia mama yake. Fungula.”

Ilichukua muda. Kisha akayafungua. Yalikuwa mekundu, yamejaa maji, na kidevuni mwake ndevu zilikuwa zimeanza tu kuota, chache, hapa na pale. Alikuwa kijana mdogo sana. Sikuwa nimejua hilo.